Mita Mia Moja Kutoka Barabarani

Somo la vikundi: kupima moshi wa magari papo hapo, na jinsi ya kuitumia hesabu tutakayopata



Somo la leo ni la vikundi vilivyo karibu na barabara kuu, steji ya matatu, au mahali malori yanapolala usiku. Lakini hata ninyi mlio ndani kabisa, ambako gari ni moja kwa siku, lisomeni. Soko mnalouzia mboga liko barabarani, na watoto wenu hungojea matatu kwenye steji hiyo hiyo.

Somo hili linahitaji mikutano miwili. Mwezeshaji asilisome lote kwa mfululizo kama tangazo. Mkutano wa kwanza mfike sehemu ya nne. Wa pili mmalizie, na mfanye hesabu iliyo mwishoni.

Tuanze kwa kukiri kosa letu. Miaka kadhaa iliyopita tulisaidia kikundi kimoja cha akina mama kujenga chumba cha kulea watoto wadogo karibu na steji. Tuliona tumefanya la maana. Mama angeuza ndizi zake huku akimwona mtoto wake. Mlango tuliuelekeza barabarani ili mama asikie mtoto akilia. Watoto wale walikohoa kila mara. Sisi tukasema ni baridi ya asubuhi, tukanunua blanketi. Tulipima chumba urefu na upana, tukapima saruji na mabati, lakini hewa ambayo watoto wangeivuta hatukuipima hata siku moja. Hata leo hatuwezi kusema kwamba ni moshi uliowakohoza. Hatuwezi pia kusema si moshi. Hatujui, kwa sababu hatukupima. Hilo ndilo linalotuuma, na ndiyo sababu ya somo hili.

1. MCHEZO MFUPI

Wanakikundi watatu waigize. Wasisome kama shule, waongee kama sokoni.

MAMA MBOGA (akikohoa): Ndugu dereva, si uzime injini? Umesimama hapa tangu nipange nyanya zangu.

DEREVA WA LORI: Mama, ni kidogo tu, naenda. Na huu moshi ni nini? Ungeona wa zamani!

MAMA MBOGA: Ni kidogo kwako wewe unayepita. Mimi niko hapa kutoka asubuhi mpaka jioni, na huyu mjukuu mgongoni.

DEREVA: Na nani amekuambia ni moshi wangu? Pengine ni vumbi. Pengine ni baridi. Hata kuni za jikoni kwako zina moshi, mama yangu.

MZEE WA KIJIJI: Mama, huyu kijana ana neno. Nikipeleka malalamiko haya kwa chifu, ataniuliza: ni mwingi kiasi gani? Ni saa ngapi? Nitamjibu nini?

MAMA MBOGA: Mzee, mwonyeshe leso yangu ilivyo nyeusi.

MZEE WA KIJIJI: Leso haina tarehe, mama. Haina saa.

Maswali baada ya mchezo:
- Tumeona nini? Je, mambo haya yako kwetu?
- Dereva amesema uongo mahali popote?
- Mzee anahitaji nini ili aweze kumsaidia mama?

Mwezeshaji aache watu waongee. Asikimbilie majibu.

2. MOSHI UNA NINI NDANI YAKE

Moshi wa gari si kitu kimoja. Una masizi, yaani chembe ndogo za mafuta ambayo hayakuungua sawasawa. Una gesi iitwayo naitrojeni dayoksaidi, ambayo huwasha njia ya pumzi na kumsumbua sana mwenye pumu. Una kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na huizuia damu kubeba hewa safi.

Chembe zinazotuhangaisha zaidi ni zile ambazo upana wake haufiki mikromita 2.5. Ung'oe unywele mmoja uutazame. Upana wake ni kama mikromita 70. Basi ungehitaji kupanga chembe hizo karibu thelathini ili zijaze upana wa unywele mmoja. Kwa udogo huo, pua haiwezi kuzizuia. Zinashuka mpaka ndani ya mapafu, na nyingine huingia kwenye damu. Leso ya kufunga puani haizizuii, ingawa inazuia vumbi kubwa la barabarani. Ndiyo sababu leso nyeusi haituambii yote: tunaona ile takataka iliyokamatwa, hatuoni ile iliyopita.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 4.2 walikufa kabla ya wakati wao kwa sababu ya hewa chafu ya nje. Tayari mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa shirika hilo walikuwa wametangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani.

Tusiseme hakuna lililofanyika. Petroli yenye risasi iliondolewa Kenya kufikia mwaka 2006. Mwanzoni mwa mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zilianza kutumia dizeli yenye salfa kidogo zaidi: kiwango kilishuka kutoka sehemu 500 katika kila milioni mpaka sehemu 50. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini mafuta mazuri katika injini iliyochoka bado hutoa moshi. Chujio la hewa likiziba, au ile sehemu inayonyunyiza dizeli ikichakaa, au gari likibebeshwa kupita kiasi, mafuta hayaungui yote, na moshi mweusi unatoka. Dereva amkumbuke bosi wake hapa: moshi mweusi ni dizeli aliyoilipia ambayo haikumfikisha popote. Moshi wa rangi ya buluu ni oili inayoungua.

3. NJIA YA ZAMANI NA NJIA MPYA

Zamani, mtu aliyetaka kujua uchafu wa hewa alitumia pampu kuivuta hewa ipite kwenye karatasi ya kuchuja. Baada ya saa nyingi karatasi ilipelekwa maabara ikapimwe uzito. Jibu lilikuja baada ya majuma au miezi. Ni njia nzuri, na mpaka leo wataalamu huitumia. Lakini kwa mama wa sokoni, jibu hilo ni kama kuambiwa leo kwamba ng'ombe alitoka zizini mwaka jana.

Kuna pia mashine kubwa zinazopima kila saa. Hizo ni ghali, zinafika makumi ya maelfu ya dola, zinahitaji nyumba yake, stima isiyokatika na fundi wake. Ndiyo sababu miji mingi ya Afrika ilikaa miaka bila hata moja.

Njia mpya ni vihisi. Kihisi ni kifaa kidogo, kingine kinaenea mkononi, kinachohisi kilicho ndani ya hewa. Hiki hapa ndicho kinavyofanya kazi, hatua kwa hatua:

(a) Feni ndogo huvuta hewa ndani ya kifaa.

(b) Ndani kuna mwali mwembamba wa leza. Chembe ikipita, mwanga hutawanyika. Mmeona jua la asubuhi likipenya tundu la bati jikoni, na vumbi likimetameta? Ni jambo lile lile.

(c) Jicho la kifaa huuona huo mwanga, na hesabu hufanywa: chembe ni nyingi kiasi gani.

(d) Kwa gesi kama naitrojeni dayoksaidi hutumika kihisi kingine, chenye dawa inayotoa umeme kidogo ikiguswa na gesi hiyo. Gesi ikizidi, na umeme unazidi.

(e) Kifaa kina kadi ya simu ndani, kama simu yako. Kila baada ya dakika chache hutuma hesabu kwenye kompyuta, na mtu yeyote mwenye simu ya intaneti anaweza kuiona wakati huo huo.

Hapo ndipo lile neno "papo hapo" linapotokea. Lori likisimama saa moja na nusu asubuhi, hesabu inapanda saa moja na nusu asubuhi, na inaandikwa pamoja na tarehe. Leso ya mama haikuwa na saa. Kihisi kina saa.

Hesabu yenyewe huandikwa kwa mikrogramu katika mita moja ya ujazo ya hewa. Fikirini sanduku lenye urefu wa mita moja, upana mita moja na kimo mita moja, limejaa hewa. Halafu gramu moja igawanywe mara milioni. Kipande kimoja ni mikrogramu moja. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba wastani wa siku moja usizidi mikrogramu 15 za zile chembe ndogo, na wastani wa mwaka usizidi 5.

4. YALIYOONEKANA NAIROBI

Mwezi wa Julai mwaka 2009 watafiti walipima chembe hizo katika jiji la Nairobi na nje yake, mchana, kwa muda wa majuma mawili. Mahali pa mashambani, mbali na magari, walipata wastani wa mikrogramu 10.7. Kando ya barabara katikati ya jiji, pale watu wanapopita kwa miguu, walipata 98.1.

Lakini kuna hesabu nyingine katika kazi yao ambayo tungependa kila kikundi kiishike. Walisimama penye makutano makubwa ya barabara wakapata mikrogramu 128.7. Halafu wakapima wakienda mbali kidogo kidogo, kufuata upepo unakoelekea. Walipofika mita mia moja, hesabu ilikuwa imeshuka mpaka 18.7.

Mita mia moja! Huo ni urefu wa uwanja wa mpira. Si kuhama kijiji. Si kuuza shamba. Chumba kile cha watoto tulichojenga kingeweza kusogezwa mita mia moja, na kiwanja kilikuwapo, nyuma ya soko. Hatukujua.

Mwaka 2016 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake ni Nairobi, na wenzake waliweka vihisi vya bei nafuu mahali sita Nairobi na kando yake, vikiwemo vya shuleni na kimoja katika mtaa wa Viwandani. Kifaa kimoja kiligharimu kama dola 1,500. Kwetu hizo bado ni pesa nyingi, lakini si kitu mbele ya bei ya zile mashine kubwa. Tangu hapo vihisi vimezidi kuongezeka na bei imeshuka: siku hizi kuna vya dola mia chache tu.

(Mkutano wa kwanza uishie hapa. Kazi ya nyumbani: kila mwanakikundi ahesabu hatua kutoka ukingo wa lami mpaka mahali anapoketi kuuza, mpaka mlango wa nyumba yake kama yuko karibu, na mpaka darasa la watoto wadogo. Aandike. Hatua moja na robo ya mtu mzima ni kama mita moja.)

5. JIRANI ZETU WA KAMPALA

Mkutano wa pili uanze kwa kila mtu kusoma hatua alizohesabu. Halafu mwezeshaji aeleze habari za Uganda.

Katika Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kulianza mwaka 2015 kazi inayoitwa AirQo, chini ya mwalimu wa kompyuta Engineer Bainomugisha. Waliona kwamba vifaa vya kununua ng'ambo vilikuwa ghali, na havikutengenezwa kwa ajili ya vumbi letu, joto letu na stima yetu ya kukatika. Basi wakaunda vya kwao, pale pale Uganda, vinavyotuma hesabu kwa mtandao wa simu na vinavyoweza kutumia nguvu za jua.

Vingine walivifunga juu ya nguzo na majumba. Vingine walivifunga kwenye bodaboda! Boda anakwenda kila mahali: steji, soko, barabara ya lami, barabara ya murram. Anapokwenda kutafuta abiria, kifaa kinapima njia nzima. Vifaa hivyo vimeenea hadi miji mingine ya Afrika, Nairobi ikiwemo.

Funzo letu si kwamba kila kikundi kinunue kifaa kesho. Funzo ni kwamba mashine hizi si za watu wa mbali tu. Vijana wetu wa polytechnic wanaotengeneza redio na simu wanaweza kuzielewa, kuzifuta vumbi na kuzilinda.

6. MTOTO MMOJA WA LONDON

Kuna msomaji atakayesema: sawa, hesabu tumepata, lakini hesabu haiponyi kikohozi. Ni kweli. Hebu sikieni habari hii kutoka Uingereza.

Katika mtaa wa Lewisham, London, aliishi msichana aitwaye Ella Adoo-Kissi-Debrah, karibu sana na barabara yenye magari mengi. Alikuwa na pumu kali. Alilazwa hospitali mara nyingi. Alifariki mwezi wa Februari mwaka 2013, akiwa na miaka tisa. Mama yake, Rosamund, hakuacha kuuliza kwa nini.

Kulikuwa na mashine ya kupima hewa si mbali na kwao, na hesabu zake zilikuwa zimehifadhiwa miaka yote. Daktari bingwa wa pumu alizichukua hesabu hizo, akazilinganisha na siku alizougua mtoto. Mwezi wa Desemba mwaka 2020 afisa wa kuchunguza vifo aliamua kwamba hewa chafu ilichangia kifo cha Ella. Alisema pia jambo ambalo sisi wafanyakazi wa jamii tunapaswa kulisikia vizuri: kwamba mama hakupewa habari juu ya hatari ya hewa hiyo, na kama angepewa, angechukua hatua ambazo pengine zingemwokoa mtoto.

Hapo kuna mambo mawili. Kwanza, bila hesabu zilizoandikwa, mama yule angebaki na machozi tu, na watu wangemwambia ni shauri ya Mungu. Pili, hesabu zilikuwako wakati mtoto yu hai, lakini hazikumfikia mama. Mashine ilipima, na mama hakuambiwa.

Kwa hiyo kihisi kisichokuwa na mtu wa kukisoma kwa sauti ni chuma tu. Kazi ya kikundi ni kuhakikisha hesabu inafika kwa yule aliyebeba mtoto.

7. TUSIDANGANYIKE: UDHAIFU WA VIHISI

Mtu asije akawauzia kifaa akisema hakikosei. Kinakosea. Haya ndiyo ya kukumbuka:

Ukungu na unyevu. Matone madogo ya maji hutawanya mwanga kama vumbi. Asubuhi ya ukungu, kifaa cha bei rahisi kinaweza kupandisha hesabu bure. Andikeni hali ya hewa kila siku.

Hakijui moshi ni wa nani. Moshi wa lori, wa kuni, wa takataka zinazochomwa na vumbi la murram vyote vinaingia hesabu moja. Ndiyo sababu yule dereva alikuwa na neno. Mkiweka kifaa karibu na jiko la mahindi ya kuchoma, mtampima muuza mahindi.

Masizi madogo mno hayaonekani. Masizi mapya ya dizeli mengine ni madogo hata leza ya kawaida haiyaoni. Kwa hiyo hesabu ndogo si lazima iwe hewa nzuri. Kwa moshi wa magari ni vizuri kupima na ile gesi ya naitrojeni dayoksaidi.

Huchoka. Vumbi huingia, buibui hujenga ndani, dawa ya kihisi cha gesi huisha nguvu. Kila baada ya muda kiwekwe karibu na mashine kubwa iliyo sahihi, vilinganishwe, na kirekebishwe. Kama vile mizani ya sokoni hukaguliwa, na hii ni mizani.

8. KIKUNDI KIFANYE NINI

Kwanza, anzeni na macho. Hata kabla ya kifaa, chagueni watu wawili wa kuketi barabarani kwa robo saa, mara nne kwa siku: asubuhi mapema, saa nne, saa nane na jioni. Waandike kwenye daftari: magari mangapi yamepita, mangapi yametoa moshi mweusi, mangapi yamesimama injini ikiunguruma. Watu wa zamu wabadilishane. Fanyeni kwa juma zima, hata siku ya soko na Jumapili. Daftari hili litawasaidia baadaye kujua hesabu ya kifaa imetoka wapi. Hesabu ikipanda saa ile ile malori yalipojaa, na ikishuka siku ambayo hayakuja huku wauza mahindi wapo, mmeshamjibu dereva.

Pili, tafuteni kifaa kwa ushirikiano. Msivunje chama cha akiba kwa ajili ya hili. Ongeeni na shule ya sekondari iliyo karibu, chuo kikuu, zahanati, ofisi ya mazingira ya kaunti, au shirika lenye vifaa hivyo. Mengi yanatafuta mahali salama pa kuviweka na watu wa kuviangalia. Kabla ya kukubali, ulizeni: nani atalipia data ya simu? Nani atakuja kikiharibika? Na je, sisi wenyewe tutaona hesabu, au zinaenda kwao tu?

Tatu, kiwekeni vizuri. Kiwe kimo cha mita mbili au tatu, juu ya mkono wa mtoto lakini bado katika hewa tunayovuta. Kisiwe karibu na jiko, dirisha la jikoni wala shimo la takataka. Hewa ipite pande zote. Kama mna viwili, kimoja kiwe barabarani na kingine mita mia moja nyuma. Hapo mtajionea wenyewe tofauti, na hakuna atakayewaambia ni mambo ya Nairobi.

Nne, hesabu isomwe. Chagueni kijana mmoja na mama mmoja. Kila asubuhi na kila jioni waandike hesabu kwa chaki kwenye ubao pale sokoni. Si kila mtu ana simu ya intaneti, lakini kila mtu anapita mbele ya ubao.

Tano, fanyeni lililo mikononi mwenu kwanza. Watoto wadogo na wenye pumu wasogezwe nyuma. Mlango na dirisha zielekee upande usio wa barabara. Meza za chakula kilicho wazi ziende mbali na steji. Watoto wa shule wangojee matatu nyuma ya mstari wa maduka, si kwenye ukingo wa lami. Haya hayangoji serikali.

Sita, ongeeni na madereva kama majirani. Nao ndio wanaouvuta moshi huo kuliko wote, siku nzima. Waiteni chai, waonyesheni ubao. Ombeni jambo moja tu: gari likisimama, injini izimwe. Jambo la pili lije baadaye: chujio la hewa lisafishwe. Mkianza na matusi, mtabaki na matusi.

Saba, pelekeni kwa wakubwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 42, yampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 chasema mtu anaweza kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa, bila hata kulazimika kuonyesha kwamba kuna aliyeumia. Kifungu cha 35 champa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na hesabu za hewa zimo. Lakini anzeni barazani, na chifu na mwakilishi wa wadi. Nendeni na daftari la juma moja, hesabu za kifaa na ombi moja lililo wazi, kwa mfano malori yatengewe mahali pa kulala mbali na shule.

9. HESABU YA KIKUNDI

Hii ni ya mfano tu, si ya soko lolote. Tuseme kifaa chenu kimeonyesha hivi kwa siku moja:

Saa kumi na mbili asubuhi: 40
Saa mbili asubuhi: 90
Saa sita mchana: 20
Saa tisa alasiri: 20
Saa kumi na mbili jioni: 70
Saa nne usiku: 30

Jumlisheni. Mtapata 270. Gawanyeni kwa 6. Wastani ni 45. Kiwango cha kushauriwa kwa siku ni 15. Kwa hiyo hewa hiyo ina uchafu mara tatu ya kiwango. (Kifaa chenyewe hupima mara nyingi zaidi, nasi tumechukua saa sita tu ili hesabu isituchoshe.)

Sasa tazameni tena. Mtu akiwaambia "wastani ni 45", amewaficha kitu gani? Amewaficha saa mbili asubuhi, wakati watoto wa nasari wanaingia darasani na hesabu ni 90. Amewaficha pia saa sita mchana, wakati hesabu ni 20. Wastani ni wa kupeleka ofisini. Saa ni ya kupanga maisha yetu. Mama akijua saa mbaya, anajua saa ya kumpeleka mtoto nyuma ya soko na saa ya kumrudisha.

10. MASWALI YA KUFUNGIA MKUTANO

1. Ni mtoto gani, mzee gani au mgonjwa gani wa kikundi chetu anayekaa karibu zaidi na lami? Hatua ngapi?
2. Kuna kitu tulichojenga mahali pabaya bila kujua? Kinaweza kusogezwa, au mlango kugeuzwa?
3. Nani ataanza zamu ya daftari, na siku gani?
4. Igizeni tena ule mchezo, lakini sasa mama ana daftari na mzee ana hesabu. Mazungumzo yamebadilika wapi?

Mwenyekiti asifunge mkutano kabla ya swali la tatu kupata majina na tarehe.

Wapendwa, chumba kile cha watoto bado kipo. Mlango ulizibwa kwa matofali na mwingine ukafunguliwa upande wa nyuma, na siku hizi ni stoo ya mahindi. Watoto wako ng'ambo ya soko, chini ya mti, katika chumba kipya. Safari hii tulihesabu hatua kabla ya kuchimba msingi. Zilikuwa mia moja na arobaini.

Hesabuni na zenu.